Nilivyoacha kukimbia na mbabula

Miaka minne nilichoma michopo hapa Kamalondo huku mguu mmoja uko tayari kukimbia. Mtu akipiga kelele "wanakuja!", yaani wakaguzi, nyama ya mbuzi inarushwa kwenye beseni, mbabula, jiko letu la mkaa, inabebwa na moto wake, na sisi tunapotelea kwenye viwanja vya watu. Jioni moja makala ya moto (kwetu Lubumbashi makala ni mkaa, si haya unayosoma) yalinimwagikia mguuni, na alama iko mpaka leo. Nikiwa nimelala, mguu juu ya kiti, nikapiga hesabu: nyama iliyomwagika, sahani zilizochukuliwa, na pesa ya sukre, yaani hongo, niliyogawa mwezi huo mzima ili niachwe kwa amani. Hesabu ikapita bei ya patenti, kibali cha kufanya biashara ndogo. Nilicheka peke yangu, mke wangu akadhani ni homa.

Nilipopona nikaenda komini, ofisi ya sehemu yetu ya mji.

Wengi wanadhani patenti ni ya matajiri. Hapana, ni ya sisi wadogo. Sheria ya biashara ndogo, ile namba 90-046 ya tarehe 8 Agosti 1990, inaiweka kwa Mkongomani ambaye biashara yake haijafika kiwango cha kuandikwa kwenye rejista ya wafanyabiashara. Ni ya mwaka mmoja, halafu unaifanya upya. Mimi nilibeba kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho, na picha ndogo za uso. Ukifungua mgahawa wenye kuta na wafanyakazi, hapo ni habari ya RCCM, ndiyo rejista yenyewe, na Guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara. Mimi sijafika huko, kwa hiyo sitakudanganya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipa mkononi. Kijana mmoja mwenye beji shingoni alinikuta nje ya ofisi, akasema atanisaidia ili nisipange mstari. Akaniandikia karatasi kwa bic. Wiki mbili baadaye likaja kundi jingine, wakaitazama, wakaambiana kitu kwa Kifaransa na kucheka. Karatasi haikuwa na namba wala mhuri. Nililipa mara ya pili.

Sasa nafanya hivi. Naomba kwanza noti ya kulipa, naisoma imetoka huduma gani, nalipa mahali inapotaja, nachukua risiti, na ndipo nafuatilia patenti yenyewe. Nakala naiweka kwenye plastiki karibu na chumvi. Ile halisi inabaki nyumbani chini ya godoro. Na usishangae kuona milango ya kulipia ni mingi: mji una kapu lake, komini ina lake, jimbo nalo lina lake. Tangu sheria ya mwaka 2008, mji na komini ni mamlaka zinazojitegemea, kila moja na bajeti yake. Ndiyo maana jetoni, tiketi ya ushuru wa kila siku, haifutwi na patenti. Nimeona watu wakigombana na mtoza jetoni hadi mashati yanachanika, wakati yeye anadai kitu kingine kabisa. Jetoni zangu nazibandika kwenye daftari la shule, tarehe kwa tarehe. Mtu akisema sikulipa Jumanne, tunafungua Jumanne.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: patenti inakupa ruhusa ya kuuza, haikupi barabara. Meri, ofisi ya meya, ikiamua kusafisha pembeni mwa njia, utaondoka na patenti yako mfukoni. Kwa hiyo tafuta mahali kabla ya karatasi. Mimi nilizungumza na shefu wa karte, kiongozi wa mtaa, halafu na mama mmoja mwenye kiwanja, akanikodisha kona ya ukuta wake nyuma ya mtaro. Ni hatua tano tu kutoka pale nilipokuwa nafukuzwa.

Wakija wakaguzi, namkaribisha mkubwa wao kwanza. "Papa, karibu. Munatoka huduma gani? Ninaweza kuona karatasi ya kazi ya leo?" Aliyetumwa anaionyesha, hakasiriki. Lakini weka kisu chini kabla ya kuuliza. Nilijifunza hilo pia.

Sasa usafi, maana hapo ndipo nilipoaibika zaidi. Mama wa huduma ya usafi alipokuja mara ya kwanza, hata hakuitazama nyama niliyoipanga vizuri kwa ajili yake. Alifunua ndoo ya maji. Akatazama kucha zangu. Akachukua kitambaa changu, kile kimoja nilichofutia ubao, mikono na sahani, akakinusa, akakirudisha bila neno. Halafu: "Papa, unanawia wapi?" Nikasema kwa jirani. Akaandika. Kabla ya kuondoka alionyesha kidole karatasi za mifuko ya simenti nilizofungia nyama ya wateja. Alinipa siku saba.

Nilianza na bidoni, yaani dumu, yenye robineti na sabuni yake, maji yanaanguka kwenye ndoo ya chini. Beseni ambalo kila mteja anachovya mikono ni supu ya mikono, basi. Mbao za kukatia zikawa mbili, ya nyama mbichi nimeipaka rangi nyekundu ili hata msaidizi mwenye usingizi asikosee. Nyama nainunua yenye mhuri wa daktari wa mifugo. Inaiva mpaka katikati, digrii 70 kwenda juu, na inayosubiri mteja inakaa pembeni ya moto ikiwa bado inachoma vidole. Ikipoa kwenye sahani kwa saa mbili, siiuzi tena.

Lakini hatari kubwa ya michopo ni kitunguu na pilipili mbichi tunavyoweka juu, maana havipiti kwenye moto. Mvua zikianza, robineti za Regideso, kampuni ya maji, zikikauka na watu wakakimbilia visima, kolera (kipindupindu) inapata njia hapo. Maji ya kuoshea vitunguu nayatia javeli, dawa ya klorini, ile ya asilimia 5, matone mawili kwa lita moja ya maji maangavu, nasubiri nusu saa. Yakiwa na ukungu nayachuja kwanza kwa kitambaa safi na matone yanakuwa manne. Soma chupa yako: javeli yenye manukato ni ya sakafu, usiitie kwenye maji haya.

Karatasi ya daktari ya kuonyesha kwamba uko mzima nayo usiinunue, nenda upimwe kweli, choo na vyote. Mtoto wa dada yangu anayenisaidia alikutwa na minyoo. Akapewa dawa, akapumzika siku chache, akarudi. Kama ningenunua karatasi, angeendelea kuwakatia watu vitunguu.

Yule mama alirudi siku ya nane, akafunua kila kitu, akaweka alama zake. Mwezi uliofuata nikamwona anakuja jioni bila daftari, na mume wake. Akaenda moja kwa moja kwenye bidoni, akanawa, akaagiza michopo ya watu wawili. Nilikataa pesa yake. Akaiweka chini ya kopo la chumvi, akaniambia niongeze kitunguu.