Taa ya injini inayowaka na kuzima: tazama nyaya kabla ya kununua spea

Taa ikiwaka na kubaki imewaka, fundi hana kazi ngumu. Balaa ni ile inayowaka alfajiri, gari linakosa nguvu, halafu saa 4 unafika gereji limetulia kabisa na fundi anakutazama kama unamsingizia gari. Langu ni la dizeli, lita 2.2, lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku, na masika nzima lilinifanyia hivyo hapa Tanga.

Gereji moja walichomeka mashine ya kusoma hitilafu, wakafuta namba ya hitilafu, wakaniambia niendelee na safari. Taa ikarudi. Kwingine ushauri ulikuwa mfupi: "Mgosi, toa masega hayo, gari lipumue." Masega ndiyo chujio la masizi lililo kwenye bomba la moshi. Wengi wametoa. Mimi nilikataa, maana kompyuta ya gari inategemea vipimo vya pale pale: ukilitoa bila kugusa programu, taa haikuachi, na sasa una moshi mweusi juu yake.

Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, usiruhusu mtu afute chochote kabla hujaona kilichoandikwa. Kompyuta inapowasha taa huhifadhi hali ya dakika ile: mwendo, joto la maji, mzunguko wa injini. Mwambie fundi aifungue, uipige picha kwa simu. Kwangu ilitoka namba ya hitilafu P2453, na joto la maji lilikuwa bado chini, yaani gari ndio kwanza limewashwa. Namba hiyo inahusu sensa inayopima tofauti ya shinikizo kabla na baada ya chujio. Inasema vipimo vyake havieleweki. Haisemi chujio limejaa masizi. Hiyo ni P2463, na kuzichanganya namba hizi mbili kunaweza kukununulisha chujio zima bure. Halafu chujio gani hilo linaloziba alfajiri likazibuka saa 4?

Sensa yenyewe ni kidude cha plastiki chenye mipira miwili midogo inayotoka kwenye bomba la moshi, na plagi ambayo kwa magari mengi ina nyaya 3. Washa swichi bila kuwasha injini, tazama shinikizo kwenye mashine: linatakiwa lisome sifuri au karibu na hapo, kwa kuwa hakuna moshi unaopita. Langu lilisoma sifuri. Nikamwomba fundi umeme atikise nyaya taratibu huku nimekodolea macho kioo, namba zikaanza kurukaruka. Alipochomoa plagi, terminali moja ilikuwa na ule ukungu wa kijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Anayelaza gari nje Raskazone anaujua upepo wa pale. Wanaoosha injini kwa mashine ya presha nao wanachangia, ingawa ukiwaambia wananuna.

Tiba ilikuwa spirei ya kusafishia terminali, kukaza pini, na kubadilisha kimpira cha kuzuia maji kwenye plagi. Ile mipira miwili pia ichomoe: ukikuta ufa au maji ndani, sensa itadanganya hata ikiwa mpya. Kama namba yako ni P0401, hamia kwenye vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Mara nyingi ni masizi, inasafishika.

Kuna tatizo jingine linalotokana na mji wenyewe kuwa mdogo. Ngamiani, Chumbageni, shule, nyumbani: chujio halipati joto la kuunguza masizi yake lenyewe, ambalo ni kama nyuzi 600. Mara moja moja lipeleke Muheza, au hadi Segera, gia iwe chini kidogo ili mzunguko ukae juu ya 2000, na penye vibao vya 50 utii tu, askari wapo. Ukizima gari ukasikia feni inaendelea kuvuma kwa nguvu na harufu ya kuungua, huenda umelikatiza katikati ya kazi. Ukilikatiza kila mara, dizeli iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuunguza masizi huteremka kwenye oili. Chomoa dipstiki: kiwango kikipanda badala ya kushuka, au oili ikinuka dizeli, ibadilishe hata kama kilomita hazijafika, na dukani ulizia oili yenye majivu machache, iliyoandikwa C3 kama kitabu cha gari lako kinairuhusu.