Maswali ya Wasomaji: Ni Nini Kilichokufa Katika “Mortgage”?

Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, watawala wapya walikuja na Kifaransa chao. Baadaye mawakili wa mahakama za mfalme huko Westminster walibishana kwa lugha hiyo na kuandikia humo taarifa za kesi zao. Kenya, Tanzania na Uganda zilirithi mengi kutoka katika sheria hiyo, na maswali ya safari hii yanatoka huko.

Mwalimu wetu alisema “mortgage” ni rehani iliyokufa. Kilichokufa ni nini hasa? (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Inategemea unauliza karne gani. *Mort* ni “iliyokufa” na *gage* ni rehani. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye sababu.

Kitabu cha Kilatini kiitwacho Glanvill, cha mwishoni mwa miaka ya 1180, kinataja rehani za namna mbili. Katika zote mkopeshaji anashika shamba na kuchukua mavuno. Thamani ya mavuno ikikatwa kwenye deni, rehani iko hai, kwa kuwa shamba linalipa deni lenyewe. Mavuno yasipopunguza deni hata kidogo, rehani imekufa. Sheria ya mfalme haikuikataza rehani hiyo ya pili, ila iliihesabu kuwa riba, na mkopeshaji akifa huku bado ameishika, mali yake ilichukuliwa kama ya mla riba. Waliosoma fikihi ya rahani, yaani sheria ya Kiislamu kuhusu rehani, wataitambua hofu hiyo ya riba mara moja.

Littleton, jaji wa karne ya 15, anaeleza jambo jingine kabisa. Zama zake mdaiwa alimhamishia mkopeshaji ardhi yote kwa sharti kwamba akilipa siku iliyotajwa, anarudishiwa. Asipolipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Ukali wote ulikuwa kwenye siku hiyo moja. Aliyechelewa alipoteza shamba hata kama thamani yake ilizidi deni mara nyingi. Ndiyo maana, kufikia karne ya 17, Mahakama ya Chansela, iliyolegeza ukali wa sheria kwa misingi ya haki, ilikuwa inamruhusu mdaiwa kuikomboa ardhi hata baada ya siku kupita, mradi alipe deni, riba na gharama.

Kwa hiyo kwenye mtihani usimpachike Littleton maneno ya Glanvill. Glanvill anaangalia mavuno, Littleton anaangalia tarehe. Na usidhani ardhi bado inahama: Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, haimhamishii mkopeshaji haki yoyote katika ardhi. Kenya, katika sheria yake ya 2012, imechukua neno jingine, *charge*, kwa msimamo huohuo.

Nilisoma Kifaransa shuleni. Mbona mahakamani mtoto anapohojiwa wanasema “voir dire”, yaani “kuona kusema”? (Msomaji, Mombasa)

*Voir* hiyo si kitenzi cha kuona. Ni neno la kale lililotokana na *verum* ya Kilatini, yaani kweli. Maana yake ni “kusema kweli”. Kilikuwa kiapo cha kujibu kwa ukweli maswali kuhusu kufaa kwa shahidi mwenyewe, kabla hajagusa kesi.

Kenya bado inafuata hatua hiyo kwa mtoto wa umri mdogo. Hakimu anamuuliza kama anaelewa maana ya kiapo. Kama haelewi, anapima kama ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Maswali na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu. Hatua ikirukwa, wakili wa rufani ataishika hoja hiyo. Tanzania, tangu marekebisho ya 2016, mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo.

Jaji wa Mahakama Kuu kuitwa “puisne” ni kumdharau? (Msomaji, Bukoba)

Hapana. *Puis né* ni “aliyezaliwa baadaye”, hivyo ni jaji asiye mkuu wa mahakama. Hutamkwa “pyuni”.

Kifaransa ndiyo lugha yangu ya kazi, lakini taarifa ya kesi ya Uingereza ya karne ya 14 imenishinda mstari wa pili. Nianzie wapi? (Wakili, Bujumbura)

Anza kwa kuisoma kwa sauti, kwa sababu neno moja lina tahajia nyingi na sikio litatambua kile ambacho jicho limekataa: *ley* ni loi (sheria), *roy* ni roi (mfalme). Kwenye maandishi ya mkono, mstari juu ya herufi mara nyingi unaficha m au n, na p yenye mstari unaopita kwenye mguu wake ni *per* au *par*.

Kisha jihadhari na maneno unayodhani unayajua, ndiyo yatakayokupoteza. *Baron* mara nyingi ni mume tu, kwa hiyo *baron et feme* ni mume na mke. *Fait* ni hati. *Ove* ni “pamoja na”. *Defendre* hapa ni kukana, na mdaiwa anayefanya hivyo anakana dai. Kamusi ya Kifaransa cha leo haitakusaidia. Tumia ya Anglo-Norman, inapatikana bure mtandaoni.

Tarehe nazo zina mtego. Kesi huandikwa kwa mwaka wa utawala. Edward III alianza kutawala 25 Januari 1327, na huo ndio mwaka wake wa 1. Kwa hiyo mwaka wa 36 unaanza Januari 1362. Ukijumlisha 36 na 1327 utakosea kwa mwaka mzima.

Taarifa za baadaye ni rahisi kwako kwa sababu ya kusikitisha: lugha ilikuwa imechakaa. Mfungwa aliyemtupia jaji kipande cha tofali huko Salisbury mwaka 1631 anaandikiwa kwamba *ject un Brickbat*, ambalo *narrowly mist*, yaani lilimkosa kidogo. Nusu ya sentensi ni Kiingereza.

Lugha hii ilifutwa lini? (Msomaji, Nairobi)

Ilifutwa kwa vipande. Sheria ya 1362 iliagiza mabishano ya mahakamani yawe kwa Kiingereza na kumbukumbu ziwe kwa Kilatini, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mawakili waliendelea kuandika taarifa zao kwa Kifaransa. Bunge la jamhuri liliamuru Kiingereza mwaka 1650, agizo likaanguka ufalme uliporudi 1660. Sheria iliyodumu ilianza kutumika 25 Machi 1733. Bungeni hata hivyo Kifaransa kimebaki: mswada unapotangazwa mbele ya makamishna wa Mfalme, karani husema *Le Roy le veult*, Mfalme anaridhia. Neno la kukataa, *La Reyne s’avisera*, Malkia atatafakari, lilitamkwa mara ya mwisho mwaka 1708, Malkia Anne alipouzuia mswada wa wanamgambo wa Uskochi.