Kabla ya kutangaza nafasi ya nesi, piga hesabu ya zamu

Natafuta na kupanga watumishi kwa vituo binafsi vya afya hapa Dar es Salaam. Ombi ninalopewa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nitafutie nesi mmoja, wa usiku." Kabla ya kutangaza chochote, huwa naomba kuona ratiba ya zamu ya mwezi huo.

Kituo kinachofungua saa 24 kinahitaji nesi kwa saa 168 kila wiki, hata kama kila zamu ina nesi mmoja tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya, utapata karibu watu wanne, na hapo hujampa mtu likizo. Weka siku 28 za likizo ya mwaka, homa za hapa na pale na misiba, unafika watano. Mwenye manesi watatu anawafanyisha kazi saa 56 kila mmoja, na akiumwa mmoja, mzigo unamwangukia yule asiyejua kusema hapana. Huyo ndiye utakayempoteza kwanza, na mara nyingi ndiye wagonjwa wanayemuulizia kwa jina.

Zamu ya usiku nayo ina haki zake. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, sheria inataka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Iandike kwenye mkataba, ionekane na kwenye hati ya mshahara.

Leseni usiikubali kwa nakala pekee. Hakiki kwenye baraza husika: Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa manesi, Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari. Fanya hivyo kabla hajashika sindano.

Halafu kuna ajira za serikali. Tangazo la kada za afya likitoka Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, vituo binafsi hutikisika. Tabibu uliyemzoea anaaga, nesi wa wodi ya wazazi anafuata. Usiwanunie. Wanafuata uhakika wa ajira na pensheni, na ungekuwa wewe ungeenda. Kwenye usaili uliza waziwazi kama mtu ameomba serikalini, na akikujibu ukweli usimwadhibu kwa kumnyima kazi. Ukiwaadhibu wakweli, wanaobaki watajifunza kukuficha, na utapata habari siku anapoondoka. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28. Muda huo unatosha ikiwa tayari unayo orodha ya waliofanya vizuri kwenye usaili uliopita wakakosa nafasi. Wapigie mara mojamoja, ujue nani bado yuko mjini na nani leseni yake ni hai.

La mwisho linaniuma. Vijana wengi wanaomaliza vyuo vya afya wanajitolea wakisubiri ajira, na wapo waajiri wanaoziba ratiba nzima kwa vijana hao bila kuwapa hata nauli. Kijana anayekesha wodini peke yake anafanya kazi ya mtumishi. Mpe mkataba na mshahara, na mtu mwenye uzoefu wa kumwita saa 9 usiku mama anapoanza kuvuja damu.