Beetle ya babu inachemka, nianze na rangi?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu kaniachia gari ya Volkswagen Beetle ya 1968, injini cc 1500, mlimani inachemka na chini ya milango kutu imekula. Nianze na rangi?

JIBU: Marahaba. Rangi mwisho kabisa! Hiyo gari haina rejeta, inapozwa na upepo wa feni na oili, sasa mafundi wengi wakifungua injini wanatupa yale mabati yanayozunguka injini na mipira yake ya kuziba wakidhani ni urembo, hewa ya moto inarudi kwenye feni na silinda namba 3 ndo inaumia kwanza maana kipoza oili kinaizibia upepo. Rudisha mabati yote. Oili lita 2.5, nafasi ya valvu seti milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Kutu kata, chomelea bati jipya, ila bodi usiitoe kwenye chasi kabla hujamaliza kuchomelea, itapinda milango isifunge. Puti, ile ya kuziba mashimo ya bodi, juu ya kutu? Hata usinitajie.