Mwanangu ana miezi 14 na bado hajatembea

SWALI: Mwanangu wa kiume ametimiza miezi 14. Anatambaa kwa kasi, anasimama dede akishikilia kiti na kukizunguka, lakini akiachiwa hukaa chini papo hapo. Mtoto wa jirani alitembea akiwa na miezi 10. Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana, anashauri tuchimbe shimo mchangani tumsimamishe humo ili miguu ikaze, na mume wangu anataka kununua kile kigari cha magurudumu cha kumfunzia mtoto kutembea. Ninapopika humpa simu atazame katuni ili atulie. Je, akili yake nayo imechelewa? Niongeze kwamba alizaliwa wiki tano kabla ya siku zake.
Mama mwenye wasiwasi, Muheza

JIBU: Mama, nianze na hilo uliloliweka mwishoni, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Makuzi ya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi atakapotimiza miaka miwili. Kwa hiyo mwanao mpime kama mtoto wa miezi 13 hivi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, zikiwemo Ghana na Oman, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kutembea bila kushikwa huanza wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Mtoto wa jirani yumo ndani ya muda huo, na wako pia yumo.

Kuhusu akili, siku ya hatua ya kwanza si kipimo chake. Keti naye mkekani, umwekee punje mbili tatu za wali kwenye sahani, utazame kama anaziokota kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Kisha funika kijiko kwa kanga mbele ya macho yake: akiifunua ili akitafute, amekwisha kuelewa kwamba kitu kisichoonekana hakijatoweka, jambo ambalo Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kuwa watoto huanza kulionyesha wakikaribia miezi minane. Ninalolithamini zaidi ni kidole chake. Akimnyooshea kuku uani, kisha akageuka kukutazama usoni, anataka mmwone kuku yule pamoja, na wewe ukimjibu, "Ndiyo, kuku, anadonoa," umempa neno wakati hasa anapolihitaji.

Ndiyo maana simu inanisumbua kuliko miguu. Najua uzito wa kupika huku mtoto analia, lakini katuni haimsubiri wala haimjibu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi mtoto wa umri huu atazame skrini. Mpe sufuria tupu na mwiko, akae mbali na moto mahali unapomwona, umsimulie unachokifanya huku ukikata vitunguu.

Shimo sikushauri, kwa kuwa linamshikilia wima ilhali mtoto hujifunza kusimama kwa kuyumba, kukunja magoti, kuanguka na kujiinua. Kigari nacho humsukumisha kwa vidole vya miguu bila kumdai ajisawazishe mwenyewe, tena humfikisha jikoni au kwenye ngazi kabla hujainuka. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Mwacheni atembee pekupeku kwenye sakafu salama, ashike benchi fupi, na mama mkwe akae hatua mbili mbele yake akimwita kwa mikono iliyofunguliwa. Mweleze kwa adabu kwamba kazi hiyo ni yake, maana kwa hakika mjukuu anamhitaji.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja iwapo miguu yake ni mikakamavu au imelegea mno, anatumia mkono mmoja tu, hageuki akiitwa jina, au amepoteza jambo alilokuwa akiliweza. Vilevile mpeleke akitimiza miezi 18, ukihesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, bila kutembea. Chukua kadi yake ya kliniki, na umkumbushe muuguzi zile wiki tano, kwa kuwa umri unaosomwa kwenye kadi huanzia siku aliyozaliwa.