Shangazi, ni kweli tunakula chakula cha boksi

Shangazi, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama ni kweli huku Uingereza tunakula chakula cha kwenye boksi, kilichopikwa kiwandani, na kama mjukuu wako naye nampa hicho hicho. Binamu anayekuja Septemba kusoma uuguzi ameniuliza pembeni abebe sufuria ngapi. Nawajibu wote wawili kwa pamoja, na sitaficha kitu, maana swali hili nimeulizwa na wengi na kila mara nimelikwepa kwa kuona aibu.

Ndiyo, tunakula. Mara mbili kwa wiki, na wiki ikiwa ngumu mara tatu.

Siku yangu iko hivi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Zamu inaisha saa kumi na mbili jioni, basi likija kwa wakati nafika nyumbani saa moja kasorobo. Saa moja na nusu baba yake mtoto anatoka kwenda zamu yake ya usiku. Hapo katikati ndipo tunapokuwa familia: dakika 45. Hakuna mtu wa kumpigia simu nimwambie nibandikie maharage, nakuja. Nikianza kukatakata na kusubiri nyama iive, baba anaondoka na njaa, mtoto anasinzia juu ya daftari. Nilijaribu hivyo miezi mingi. Boksi lilinirudishia zile dakika 45, na kwa hilo sioni cha kuomba msamaha.

Na wenyeji wa huku hawalioni boksi kuwa ni dalili ya shida. Marks & Spencer, maduka makubwa ya huku, walianza kuuza kuku wa Kiev (kidari kilichojazwa siagi ya kitunguu saumu) aliyekwisha tayarishwa mwaka 1979, mtu akawa ananunua akitoka kazini na kwenda kumwingiza kwenye oveni. Leo ukiingia supamaketi yoyote kubwa utakuta ukuta mzima wa majokofu: kari na wali, lazanya (tambi bapa zilizopangwa na nyama na mchuzi), pai ya samaki, makaroni na jibini, supu. Kazi yako ni kuchagua, na hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimepanga chumba kimoja, jiko tunatumia watu sita. Kila jioni boksi, nala nimekaa kitandani, nachagua kwa picha ya mbele. Mwaka haujaisha, nesi akanipima presha, akaipima tena, akaniuliza nakula nini usiku. Nikamwambia ukweli. Akaniambia nikifika nyumbani nitoe boksi lolote kwenye pipa la taka, niligeuze, nisome nyuma. Nikafanya hivyo usiku ule ule. Lilikuwa boksi la kari ya kuku na wali. Chumvi: gramu 2.9. Mtu mzima huku anashauriwa asizidishe gramu 6 kwa siku nzima, sawa na kijiko kimoja cha chai. Karibu nusu yake ilikuwa kwenye trei moja, na asubuhi nilikuwa nimeshakula mkate na soseji. Kuku mwenyewe, kwa maandishi yao, alikuwa asilimia 14. Iliyobaki ni wali na mchuzi mzito.

Tangu siku hiyo sinunui boksi ambalo sijaligeuza. Sheria ya huku inataka viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kwa hiyo vile vitatu vya mwanzo ndivyo chakula chenyewe. Ukikuta maji, unga wa wanga na mafuta vimetangulia kabla ya nyama, unanunua uji wenye harufu ya nyama. Kitu kilichotajwa kwenye jina la chakula huandikiwa asilimia yake pia, hivyo unaweza kushika pai mbili za samaki, moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, ukaona ipi ina samaki kweli. Vitu vinavyodhuru watu wenye mzio, kama karanga, maziwa, mayai na ngano, vimeandikwa kwa herufi zilizokolezwa. Viko 14 kwa orodha ya sheria.

Mbele ya maboksi mengi utaona rangi tatu: kijani, njano na nyekundu, kwa mafuta, sukari na chumvi. Mpango huu ulianza kwa utaratibu mmoja mwaka 2013 na ni wa hiari, ndiyo maana maboksi mengine hayana. Rangi zinasaidia, ila tazama zimehesabiwa kwa kiasi gani. Kuna maboksi yanayoandika hesabu ya nusu ya pakiti, wakati mtu mwenye njaa anakula pakiti nzima. Chumvi ikizidi gramu 1.8 kwa sehemu ya mlaji mmoja, rangi inakuwa nyekundu. Kwangu mimi, ikifika hapo boksi linarudi kwenye rafu.

Sasa nije kwa mjukuu wako, maana najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Ana miaka sita. Mtoto wa umri wake anashauriwa asizidishe gramu 3 za chumvi kwa siku. Ningempa lile boksi langu la zamani peke yake, siku yake yote ingekuwa imeishia humo. Kwa hiyo, shangazi, hajawahi kula boksi zima na hatakula. Anachokula ni boksi nililoligeuza kuwa chakula, na hili nataka nikuonyeshe vizuri kwa sababu ndilo jibu lenyewe.

Jana ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na kari ya kuku ya watu wawili, ile isiyo na wali. Nilipofika, kabla hata ya kuvua koti, niliweka mafuta kidogo kwenye kikaango, nikakwangua tangawizi ya kidole kimoja na kitunguu saumu. Nina mfuko wa vitunguu vilivyokatwa tayari kwenye friza, nikatupia konzi moja. Viliponukia nikamimina kopo la maharage niliyokwisha kuyasuuza, maana yale maji ya kopo mara nyingi yana chumvi. Ndipo nikachana nailoni ya boksi na kuimwaga kari yote juu yake. Ikichemka kwenye kikaango inabadilika: ule uzito wa wanga unalegea, harufu inafunguka, vipande vya kuku vinaonekana. Mwishoni kabisa konzi tatu za spinachi, zinasinyaa ndani ya dakika moja. Nikazima, nikakamua nusu ya limau. Watu wawili wa kwenye boksi wakawa watatu, na chumvi ile ile ikagawanyika kwa sahani tatu. Dakika 14, nilitazama saa.

Usiipuuze limau. Chakula cha kiwandani kinapooza kwa kukaa, na ulimi ukikosa uhai unadai chumvi. Ukiupa uchachu unanyamaza. Siku ambazo sina limau natumia nyanya mbichi iliyokatwa ndogondogo, au kijiko cha mtindi usio na sukari pembeni ya sahani.

Makaroni na jibini ni kesi nyingine. Yana mafuta mengi na chumvi nyingi, na huwezi kuyapunguza, unaweza tu kuyala kidogo. Boksi moja nagawa kwa watu wawili, nachanganya na brokoli na njegere za friza mpaka kijani kiwe kingi kuliko njano. Mtoto anadhani ndivyo yanavyopikwa. Lazanya naiacha ilivyo, nafanya tu bakuli kubwa la kachumbari. Supu ya boksi naongeza dengu au yai. Pai ya samaki ukiipata nzuri haihitaji zaidi ya njegere.

Siku hizi lakini sinunui sana mlo mzima. Nanunua vipande vya kazi: kuku aliyekwisha okwa, mfuko wa mboga zilizokatwa za kukaanga haraka, wali uliopikwa wa kwenye pakiti, spinachi iliyogandishwa. Hivyo ndivyo vilivyo bora kwenye supamaketi yote, kwa maoni yangu, kwa sababu mtu mwingine amefanya ile sehemu inayokula muda na mimi nimebaki na kikolezo mkononi. Mboga za friza msizidharau. Hugandishwa mapema baada ya kuvunwa, na hazikuharibikii Alhamisi wakati wewe umechoka. Kitu kimoja nimekiacha kabisa, nacho ni maboksi yanayojisifu kwa mafuta kidogo. Mara kadhaa nimeyageuza nikakuta sukari imepanda mahali mafuta yaliposhuka.

Binamu, yanayofuata ni yako zaidi. Kwenye maboksi kuna tarehe za aina mbili. Ikiandikwa "use by", hiyo ni ya usalama, ikipita usile hata kama hainuki. "Best before" ni ya ubora tu, ikipita chakula kinaweza kuwa kimechakaa ladha lakini si sumu. Kuelekea jioni supamaketi nyingi hubandika vibandiko vya njano kwenye vinavyokaribia tarehe, bei inashuka, wakati mwingine nusu. Wanafunzi wengi wanaishi kwa hivyo vibandiko, nami niliishi navyo. Boksi la namna hiyo, kama linaruhusu kugandishwa, unaliingiza friza kabla siku ya "use by" haijaisha na unalila wiki nyingine. Likiwa limeandikwa kwamba liliwahi kugandishwa, usiligandishe tena.

Halafu maikrowevu, lile jiko dogo la umeme la kupashia chakula. Wengi wanaugua tumbo hapa wakisingizia chakula. Mawimbi yake yanaingia sentimita chache tu kutoka pembeni, katikati kunapata moto kwa kuusubiri utembee. Kwa hiyo toboa nailoni, pasha, toa, koroga mpaka chini, rudisha, na mwisho uache dakika moja au mbili kabla ya kula. Ule muda wa kuacha, walioandika kwenye boksi hawakuuweka kwa urembo. Kipimo cha wataalamu wa chakula wa huku ni nyuzijoto 70 kwa dakika mbili katikati ya chakula. Huna kipimajoto, basi mvuke utoke katikati unapochota, si pembeni tu. Wali usiupashe mara mbili, na uliobaki usiuache juu ya meza mpaka asubuhi. Kuna bakteria wa wali ambao sumu yao haifi kwa kupasha.

Kosa langu la miezi sita ya kwanza lilikuwa dogo na la kijinga kwa jinsi lilivyojificha: dakika zilizoandikwa kwenye boksi zilikuwa za maikrowevu ya wati 900 (wati ndiyo nguvu ya mashine), na ile ya jikoni kwetu ilikuwa ya 700, dhaifu zaidi, hivyo ilihitaji dakika nyingi zaidi. Nilikuwa nakula chakula chenye ubaridi katikati nikidhani ndivyo kilivyo.

Shangazi, Jumapili bado napika. Nabandika sufuria kubwa, nagawa kwenye vibakuli, vinakaa friza, ndivyo vinavyotushikilia siku mbili za wiki. Boksi linaingia pale vibakuli vinapoisha. Nilipokuwa peke yangu kwenye kile chumba sikuwa na nguvu hata ya hilo. Nakuomba siku ukimpigia binamu, ukasikia amekula boksi, usimgombeze. Muulize amekula na nini.

Nawe binamu, sufuria usibebe hata moja, ni uzito wa bure kwenye begi. Siku ya kwanza nunua kikaango kimoja chenye mfuniko, mfuko wa spinachi ya friza, tangawizi na limau mbili. Kisha fungua mlango wa maikrowevu ya hosteli utafute namba ya wati, mara nyingi iko kwenye kibandiko pembeni ya mlango au mgongoni mwa mashine. Iandike kwenye simu yako kabla hujapasha kitu chochote.