Ukiulizwa "uko aje", wacha kujibu "niko poa tu"

Bwana asifiwe watu wangu. Wiki iliyopita kijana mmoja tunafanya naye kazi aliniuliza, "lakini wewe huwa unatoa wapi nguvu, mbona hukai kama mtu amechoka na maisha?" Nilicheka sana, ju kuchoka na maisha mimi nakujua vizuri kumshinda. Lakini tulikuwa tunakimbilia matatu kabla fea ipande kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, kwa hivyo nikamjibu tu haraka "ni Mungu bro" na tukaruka ndani. Nilipofika kwa nyumba nikaona hilo jibu lilikuwa nusu. Ni Mungu ndio, sibishi, lakini mimi Mungu alinifikia kupitia mtu aliyebeba unga na sukuma akagonga mlango, na hiyo hadithi ndio ningefaa kumpa.

Wacha nirudi 2020.

Nilikuwa weita kwa hoteli moja tauni. Corona ilipofika Kenya mwezi wa tatu wageni waliisha ndani ya siku chache hivi, tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Mpaka leo sijaitwa. Bibi na mtoto nilikuwa nimewapeleka ushago mwisho wa huo mwezi tukidhani ni mambo ya wiki mbili, alafu Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, na haikufunguliwa mpaka Julai. Kwa hivyo nikabaki mtaa wa Pipeline peke yangu kwa bedsita ya orofa ya tano, na wenye wanajua Pipeline wanajua, zile ploti zimebanana mpaka saa sita mchana unawasha stima ndio uone sufuria. Kafyu saa moja jioni. Unasikia tu majirani wakikohoa na wewe unahesabu siku.

Na kanisa? Nilikuwa mtu wa kanisa kubwa la tauni, ile ya skrini na sauti safi, na siisemi vibaya kwa sababu neno nililolishwa pale lilinijenga. Shida ilikuwa mimi. Miaka minne nilikuwa naingia sifa zimeshaanza na natoka kabla ya baraka niwahi gari, na kwa hiyo miaka minne yote hakuna mtu hata mmoja pale angeweza kukuambia naitwa nani. Makanisa yalipofungwa ibada ikahamia kwa simu, na simu inataka bando, na bando hiyo time nilikuwa napima kama chumvi. Naangalia dakika kumi nazima.

Lakini hiyo yote haikunimaliza kama ile kitu nilijifanyia mwenyewe. Kila mtu aliyenipigia nilimwambia niko poa. Mama: niko poa mama, wewe ujichunge. Bibi yangu: tunasukuma tu. Maboi wa kazi: tuko sawa, Mungu ni nani! Na kwa stetasi ya WhatsApp kila asubuhi nilikuwa naweka mistari ya ushindi, mara tai anapaa, mara simba ananguruma, na mwenyewe nimelala na chai ya strungi bila sukari siku ya pili. Sisi wanaume hii kitu tunaijua sana, na sisi tuliookoka tunaijua zaidi kwa sababu tunaogopa kusema tuko vibaya ionekane ni kama tunamkana Mungu, kwa hivyo mwanaume ameokoka hapo sasa ndio usiseme.

Chini kwa geti ya ploti yetu kulikuwa na mama anauza mboga, umri umepita sitini, sote tunamuita Shosh. Alikuwa amenialika mara nyingi kwa ushirika wao wa Alhamisi, watu saba nane wa mtaa tu wanasoma neno na kuombeana, na mimi nilikuwa namjibu "nitakuja", ile nitakuja ya Nairobi mnaijua. Siku moja mwezi wa tano nilishuka kununua nyanya mbili za kumi, akaniuliza uko aje mwanangu, nikamwambia niko poa Shosh. Akanishika mkono kabla nichukue karatasi. Akaniambia, "Leo ni siku ya nne unanunua nyanya mbili, na vitunguu uliacha kununua. Mimi nimekuuliza uko aje."

Nililia hapo kwa kibanda na watu wanapita. Si uongo.

Hiyo jioni, dakika kama ishirini kafyu ianze, mlango ukagongwa. Amepanda orofa tano na magoti yake hayo, na barakoa, ameshika pakiti ya unga kilo mbili, sukuma, mafuta ya kupima na kipande cha sabuni. Mimi nilikuwa nimejipanga kuombewa, nimeinamisha kichwa kabisa, akasema "Kula kwanza, maneno ni kesho," akageuka akashuka.

Baadaye sana ndio nilikuja kusoma ile hadithi ya Elia kwa 1 Wafalme 19 nikaiona na macho mengine. Mtu wa Mungu amekimbia, ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Na malaika anakuja na nini? Mkate na maji. Anamgusa, anamwambia aamke ale. Elia anakula analala tena, na malaika hamgombezi kwa kulala, anarudi mara ya pili na chakula tena. Mambo ya Mungu kuongea naye kule mlimani yanakuja baadaye sana. Nimesikia mahubiri ya hiyo sura mara nyingi na karibu zote zinakimbilia ile sauti ndogo ya utulivu, hakuna mtu anataka kukaa kwa mkate.

Basi kutoka hapo nikaingia kwa ushirika wao, ingawa hiyo time hatukuwa tunakutana nyumbani kwa mtu. Walikuwa wamepanga kwa simu, kila mtu amepewa mtu mmoja wa kupigia kila siku, dakika tatu tu, na kama huna kredo unatuma "tafadhali nipigie" na hakuna kuchekana. Mimi niligawiwa mzee mmoja fundi wa viatu na sijui nani alikuwa anamtia mwenzake moyo, kwa sababu yule mzee alikuwa anaanza kwa kuniambia vile amenyimwa usingizi na hofu, mimi nikimsikiza nilikuwa nasahau yangu. Julai makanisa yalipofunguliwa, masharti yalikuwa watu mia moja, saa moja pekee, na wa miaka 13 mpaka 58. Shosh hakuruhusiwa sasa. Kwa hivyo Jumapili tukitoka tulikuwa tunasimama kwa kibanda chake tunamhadithia mahubiri huku anachambua mboga, na tukikosea mstari anaturekebisha. Mimi naweza kusema hizo ndizo ibada nzuri nimewahi kuhudhuria, na kulikuwa na nzi.

Huyu mama hii tabia hakuitoa hewani. Mama yake alikuwa wa wale ahonoki, watu wa ule uamsho ulianzia Rwanda ukaingia huku Kenya miaka ya 1930, watu ambao walikuwa wanakutana kila wiki kwa nyumba ya mtu na kila mmoja anasema wazi pale ameteleza, kitu walikuwa wanaita kutembea nuruni, wameitoa kwa 1 Yohana 1:7. Shosh anasema akiwa mtoto alikuwa anaona watu wazima wakitubu juu ya deni la kuku na kila mtu anaona ni kawaida. Sisi tumerithi nyimbo zao, hiyo ya kusema ukweli tukaiacha.

Sasa ushauri, maana najua kuna mtu amesoma mpaka hapa anauliza "na mimi nifanye nini".

Tafuta watu wachache wanaojua mlango wako. Kanisa kubwa usihame, lakini haliwezi kujua umeacha kununua vitunguu. Kwa wakatoliki hiyo kitu mko nayo tayari, jumuiya ndogo ndogo, mnakutana ploti kwa ploti, shida ni vile vijana mmewaachia akina mama. Kanisa lako kama lina vikundi vya mtaa uliza kiongozi cha kwako ni kipi, na ukienda enda mapema upange viti, au baki uoshe vikombe. Nakwambia, wakati wa maombi kila mtu ni mtakatifu, ni kwa karai ya vikombe ndio utasikia mtu akisema mtoto wake amefukuzwa shule.

Alafu ukiulizwa uko aje, jibu. Si kila mtu, kondakta hana hiyo time, lakini chagua wawili na uwaambie ukweli ukiwa na kiasi na jina: si "naomba mniombee mambo fulani", sema "nina deni ya miezi miwili ya nyumba na silali". Na hapa wacha niseme kitu kuhusu Wagalatia 6, maana ilinisumbua. Mstari wa 2 unasema tuchukuliane mizigo, ukishuka wa 5 unaambiwa kila mtu atabeba furushi lake. Nikamuuliza Shosh, sasa ni gani? Akanionyesha mkokoteni wa maji ulikuwa unapita, jamaa anasukuma ile mitungi na kijana mwingine anamsaidia nyuma kwa sababu ya mlima. Huo ni mzigo. Alafu akanionyesha kibegi changu cha mgongoni. "Hiyo nikikubebea nimekufanya mtoto." Walinipea elfu tatu ya kuanza kuuza mayai, bila riba, nirudishe mia mbili kila wiki, na wiki zote kumi na tano hakuna siku waliniambia "wacha tu". Hiyo elfu tatu ilikuwa mzigo. Kuamka saa kumi na moja kuenda kutafuta mayai ilikuwa furushi langu.

Jichunge na vikundi viwili lakini. Kuna kile ambacho udaku unavaa kitenge cha maombi, "wapendwa tumuombee dada fulani, ndoa yake..." na dada mwenyewe hayuko hapo na hajasema atajwe. Ukisikia hivyo ujue wiki ijayo ni wewe. Na kuna kile kila mkutano unaisha na namba ya kutuma sadaka ya mbegu, umeenda ukiwa umevunjika unarudi umevunjika na umekopa Fuliza ya M-Pesa. Mimi nimepitia mahali kama hapo, siwezi taja, ile pesa nilituma ilikuwa ya tokeni ya stima na nililala giza siku mbili nikingojea mlango ufunguke.

Ukiwa ni wewe unatia mtu moyo, tafadhali wacha zile picha za maua na njiwa umetumiwa na ukazituma mbele kwa grupu sita. Rekodi sauti yako sekunde thelathini, taja jina lake, omba hapo hapo, kwa sababu ile "nitakuombea" tunasema nyingi hazifiki juu, tunazisahau kwa steji. Au mtumie mia ya tokeni na usiandike kitu. Na kwa matanga, nakuomba na heshima zote, usimwambie mtu aliyezika mtoto kwamba Mungu alihitaji ua. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba na usiku saba bila kusema neno, na mpaka hapo walikuwa wanafanya kazi nzuri kabisa. Walianza kuharibu walipofungua mdomo.

Siku za peke yako kwa gari pia si za kupotea. Jogoo Road kukiwa na jam mimi nasoma Zaburi moja tu, na sirukirukii. Kuna ya 88 ambayo inaanza na kilio na inaisha gizani, hakuna "lakini nitakusifu" pale mwisho. Mara ya kwanza niliudhika. Sasa naipenda kwa sababu mtu aliomba hivyo, hakurekebishiwa, na wakaiweka kwa kitabu pamoja na zingine. Na yule mhubiri wa basi akisimama akianza "abiria wapendwa Bwana asifiwe", kabla hujaweka earphone msikize kidogo, wengi wanapiga kelele tu sawa, lakini kuna mmoja siku moja aliombea madereva na makanga na familia zao, wengine wote nimesikia walikuwa wanaomba ajali isitupate sisi abiria. Nilimpa ishirini na nikaenda nayo hiyo maombi mpaka kazini.

Bibi na mtoto walirudi mwezi wa nane huo mwaka. Siku hiyo Shosh aliuliza bibi yangu uko aje, bibi akasema niko poa, Shosh akaniangalia, mimi nikaangalia kando.

Sasa huyo kijana wa kazini nimemwalika Alhamisi hii, amesema "nitakuja". Ni zamu yetu, na viti tuko navyo vitano na watu ni kumi, kwa hivyo naenda kuomba benchi kwa jamaa wa chapo kabla afunge.